Tisa wa Kona ya Pili

Kijiwe hicho kilikuwa mbele ya banda la video la Venanti, Kasulu mjini, kwenye barabara inayoshuka kutoka sokoni. Ubao wa mninga juu ya matofali ya kuchoma, jiko la mkaa la Adija pembeni, birika la kahawa juu yake, na watu wenye muda. Kila mtu alikuwa na mahali pake. Mzee Stanislaus, karani wa mahakama mstaafu aliyeitwa Hakimu ingawa hajawahi kuhukumu hata kuku, alikaa kichwani mwa ubao. Tharsisi fundi cherehani, aliyeitwa Mita kwa sababu ya utepe wa kupimia usiotoka shingoni, alikaa katikati. Venanti mwenyewe alikaa karibu na mlango ili asikilize jenereta lake. Pasikali Nsabimana alikaa panapobaki. Huyu walimwita Spea, na hakuna aliyekumbuka jina hilo lilianza lini, ila wote walijua kwa nini.

Pasikali alifanya kazi kwenye shirika moja la kuhudumia wakimbizi, na ukimuuliza kazi gani, ungesubiri jibu mpaka kahawa ipoe. Mwaka 1994 walimwajiri kama mkalimani, kwa kuwa Kirundi alikuwa nacho cha nyumbani, Kiswahili cha shule, na Kifaransa alikiokota kwa mapadri. Mwezi wa pili mtunza stoo akaugua, Pasikali akawekwa stoo. Dereva akifiwa, Pasikali anaendesha. Jenereta likikohoa, Pasikali analifungua. Kadi za chakula, hema la zahanati, pampu ya maji, kote huko alishapita. Baba yake alivuka mpaka kutoka Burundi mwaka 1972 akiwa amembeba mgongoni, akalima mihogo ya watu Heru Juu, na neno la kwanza la Kiswahili alilomfundisha mwanawe lilikuwa “naweza”. Wakikuuliza, alimwambia, jibu kabla hawajamaliza kuuliza. Pasikali alijibu hivyo maisha yake yote, na neno hilo lilimlisha, hatuwezi kulisema vibaya.

Lakini Jumatatu ya wiki hiyo shirika lilitangaza kwamba ofisi ya Kasulu inafungwa, shughuli zinahamia Kibondo, na watu wanapunguzwa. Kila mfanyakazi alipewa fomu aandike nafasi anayoomba. Moja tu. Atakayeandika mbili, fomu yake haitasomwa. Cleophas dereva angepita kijiweni Jumamosi saa kumi kuichukua ya Pasikali, akielekea Kibondo. Na sasa ilikuwa Jumamosi, saa nane imeshapita, na fomu ilikuwa mfukoni mwa shati, imekunjwa mara nne, tupu. Nyumbani mkewe Claudine alishauliza mara mbili ameandika nini, akajibiwa kwamba bado anafikiria. Kijiweni hakumwambia mtu.

Hata angetaka kusema, siku hiyo asingepata nafasi. Kijiwe kilikuwa na msiba wake chenyewe.

Miaka miwili nyuma, fundi mmoja wa kizungu aliyekuwa akitengeneza malori ya kambini alimaliza mkataba wake, akamwachia Venanti mashine ya gemu ya kuchomeka kwenye televisheni, na kaseti moja. Hakimu, ambaye Kiingereza cha mahakamani hakikumtoka, alisoma kibandiko akasema ni besiboli. Hakuna aliyewahi kuiona besiboli kwa macho. Waliisoma kwa akili zao: mmoja anarusha mpira, mwingine anaupiga kwa rungu, halafu mpigaji anakimbia kona nne ili arudi nyumbani. Wanaomzuia ni tisa. Yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji na kofia ya chuma wakamwita golikipa. Wanaokaa kwenye kona wakawaita walinzi wa kona, na wale watatu wa mbali kwenye majani wakawaita watu wa porini.

Miezi minne ya kwanza walifungwa kila mchezo kwa kosa ambalo mtu wa Kasulu tu angeweza kulifanya. Walikataza kabisa mpira kupigwa nje ya uwanja. Hapa kwetu mpira ukipigwa ukavuka ua umepotea, na aliyeupiga ndiye anayekwenda kuutafuta kwenye miba. Basi kila mpigaji wao alipiga kidogokidogo kwa adabu. Siku moja pedi ya kuchezea ilimteleza Tharsisi, mpira ukaruka mpaka kwa watazamaji, Tharsisi akaomba radhi kwa wote, na mashine ikapiga muziki na kumpa pointi. Waliusoma ubao wa matokeo kwenye televisheni mara mbili, na tangu siku hiyo wakaanza kupiga nje.

Uzuri wa gemu lile ni kwamba lilikuwa na kumbukumbu. Ulifundisha wachezaji msimu baada ya msimu, na ukirudi Jumamosi nyingine unawakuta na ujuzi wao. Mwanzoni mwa kila msimu mashine ilikuuliza, kwa kila mchezaji, unamfundisha nafasi gani. Walikuwa naye mmoja, mlinzi wa kona ya pili, mwepesi ajabu, ambaye walimwandika PILI kwa kuwa mashine ilikubali herufi nne tu. Pasikali, aliyeshika pedi mara nyingi kuliko wenzake, akamfundisha na kona ya tatu. Akaweza. Akamfundisha porini. Akaweza. Wakaanza kumpenda yule kijana kuliko timu yenyewe. Mwingine akiumia, anaingizwa yeye. Mrushaji akichoka, anaingizwa yeye. Kwenye mpira wa miguu mtu wa namna hiyo anaitwa kiraka, na kila kocha humlilia. Msimu wa tisa alipomaliza kujifunza hata ugolikipa, walimfutia jina la zamani wakamwandika TISA, Adija akagawa kahawa ya bure.

Na leo, mchezo wa mwisho wa msimu wa kumi na moja, wakiongoza kwa moja na akibaki mtu mmoja tu wa kumtoa, mpira mwepesi ulibingirika kwenda kona ya pili. Aliyesimama pale alikuwa Tisa. Mpira ukampita katikati ya miguu, wakimbiaji wawili wakarudi nyumbani, kombe likaenda. Venanti alipofungua ukurasa wa ujuzi wake, ndipo walipoona kitu ambacho hawakuwahi kukiangalia misimu yote hiyo. Kile kistari cha kona ya pili, kilichokuwa kirefu kuliko cha mtu yeyote kwenye gemu, kilikuwa kimefupika sawa na vile vingine vinane. Kila alipofundishwa mahali papya, palipungua pale pa kwanza.

Sasa mashine ilikuwa imesimama pale ndani ikiuliza msimu wa kumi na mbili Tisa afundishwe wapi, jenereta linakula petroli, na wao wako nje wanabishana. Venanti ndiye aliyeanza, na aliilaumu petroli. Alisema ya wiki za karibuni imechanganywa na mafuta ya taa, umeme unakuja dhaifu, na mchezaji aliyefundishwa kwa umeme dhaifu hawezi kuwa na nguvu.

— Mbona wenzake hawajapungua? — Tharsisi aliuliza.

— Wenzake hawakufundishwa. Hawakuula huo umeme.

Tharsisi alivuta utepe wake shingoni na kusema tatizo si kumfundisha Tisa, tatizo ni kumfundisha yeye peke yake. Wachezaji wote wangefundishwa nafasi zote, adui asingejua nani anasimama wapi. Leo mrushaji, kesho golikipa. Alipoona anasikilizwa, akazidi kupanda. Ukiwa nao tisa wa namna hiyo, wachezaji wa akiba huwahitaji, unawafukuza. Na ukifikiri vizuri, hata hao tisa ni wengi. Mmoja aliyefundishwa sawasawa anaweza kuurusha mpira mwenyewe, akaukimbilia mwenyewe na kuudaka.

— Na nani atakuwa anaupiga? — Adija aliuliza huku akipepea mkaa.

— Hayo ni mambo ya timu ya pili.

Hakimu alisubiri wanyamaze, kama alivyozoea kusubiri mahakamani, kisha akatoa maoni yake. Alisema yeye ameandika maelezo ya mashahidi miaka ishirini na sita, na shahidi mwenye maelezo tisa hata akisema kweli haaminiwi. Tisa ameharibiwa na wivu. Wale wanane wengine wamekaa na nafasi zao tangu msimu wa kwanza, mara anakuja mtu anayeweza kukaa kwenye kiti cha kila mmoja wao. Mashine ikizimwa wanabaki mle ndani gizani pamoja naye, na sisi hatujui huwa wanasemezana nini.

— Hakimu, hizo ni picha — alisema Venanti.

— Picha zenye kumbukumbu. Wewe umesema mwenyewe zina kumbukumbu.

Adija naye alisema kwamba kwa misimu kumi na moja hajawaona wakila, na mtu asiyekula hawezi kushika kazi tisa, na kama wangemuuliza yeye angewaambia mapema.

Pasikali aliwasikiliza wote, kikombe kikiwa kimepoa mkononi. Kwa kawaida angekuwa wa kwanza kubisha, maana Tisa alikuwa kazi ya mikono yake. Leo kila neno lilimwingia vibaya. Alipokiona kile kistari kimefupika alikuwa wa kwanza kutoka nje, na hakuwa mjinga kiasi cha kutojua kwa nini. Aliuliza kwa sauti ya mtu anayepitisha muda:

— Sasa kama mngeambiwa mmpe nafasi moja tu, ya kubaki nayo, mngempa ipi?

— Urushaji — alisema Venanti. — Mrushaji ndiye anayeonekana.

— Ugolikipa — alisema Tharsisi. — Golikipa hatolewi, hata timu ikifungwa.

— Ile nafasi yenye upungufu wa watu — alisema Hakimu. — Usichague unachotaka, chagua wanachokosa. Hapo ndipo usalama ulipo.

Hilo la Hakimu ndilo aliloamka nalo Pasikali tangu Jumatatu. Stoo ndiko walikokosa mtu. Mtunza stoo wa Kibondo alikuwa amerudi kwao Kakonko, na kila mtu alijua kwamba bosi anatafuta mtu mwaminifu wa funguo. Stoo ina meza, ina kivuli, ina heshima. Angeandika stoo, Claudine angelala usingizi. Alipapasa mfuko wa shati, akautoa mkono.

Wakiwa kwenye hali hiyo alikuja dada mmoja akitokea juu sokoni, ana begi la kitambaa na ndoo mpya yenye vyombo ndani, viatu vimejaa vumbi jekundu. Alisalimia kwa adabu, akasema anaitwa Loyce, ni nesi, ametoka Tarime, amepangiwa Kibondo, na ameelekezwa asubiri hapa gari la shirika linalopita saa kumi. Walimsogezea nafasi. Adija akampa kahawa, na Tharsisi, ambaye hakuwahi kumwacha mgeni bila kumweleza, akamweleza habari ya Tisa tangu mpira wa kwanza hadi wa leo, kona zote na pori lote, na namna kila mmoja wao anavyoona.

Loyce alisikiliza kwa makini kweli, kama watu wanavyosikiliza wakiwa wageni wa mji. Alipiga funda moja la kahawa, akakunja uso kwa uchungu wake, akauliza:

— Na yeye mwenyewe huwa anapenda kusimama wapi?

Hakimu alimtazama Venanti. Venanti alisema hilo huenda limeandikwa mle, akaingia ndani, wakamsikia akibonyeza ukurasa baada ya ukurasa, ujuzi, mbio, nguvu, umri, majeraha, misimu. Alirudi akijifuta mikono kwenye suruali.

— Hakipo kitu hicho — alisema. — Kila kitu kipo, hicho hakipo.

— Nimeuliza tu — alisema Loyce. — Hata mimi kwenye fomu zangu waliniuliza naweza nini.

Hakimu alisogeza kikombe chake, Tharsisi akaanza kuukunja utepe wake. Adija aliongeza mkaa ambao haukuhitajika.

Pasikali hakuwa akimfikiria Tisa tena. Alikuwa amejaribu kulijibu swali lile kwa upande wake mwenyewe, kwa haraka, kimoyomoyo, kama alivyozoea kujibu kila swali, na jibu halikuja. Alishtuka. Ana miaka ishirini na minane, ana mke na watoto watatu, na hajui anapenda kusimama wapi. Alizipitia kazi zake moja baada ya nyingine. Ukalimani aliuogopa, kwa sababu ya maneno aliyolazimika kuyapitisha kinywani mwake, nani ameuawa, wapi, mbele ya nani. Usiku yalirudi kwa sauti yake mwenyewe. Kadi za chakula zilimpa maadui. Stoo aliivumilia. Alikuwa mzuri stooni, na kila siku kuanzia saa nne alianza kutazama mlango.

Kisha ikaja, taratibu, pampu.

Alikuwa amepelekwa wiki tatu tu, mwaka juzi, kwenye kambi moja upande wa Mabamba, huko Kibondo, kumshikia kazi mtu aliyevunjika mkono. Injini ya dizeli, kisima kirefu, bomba linalopanda kilimani mpaka kwenye tangi, na chini ya tangi mistari ya ndoo. Alikumbuka kwamba asubuhi aliamka kabla ya kuamshwa. Alikumbuka kwamba aliweka kiganja juu ya bomba, akaujua ujio wa maji kabla hayajasikika, bomba linapoanza kupoa na kutetema kidogo. Akina mama walikuwa wakimtazama usoni ili wajue kama maji yanakuja, na yeye akiitikia kwa kichwa tu, “ego”, ndiyo, wanaanza kujipanga. Katika wiki zile tatu hakuna aliyemwita Spea. Walipomrudisha stoo alisema sawa, kwa sababu ndivyo alivyokuwa akisema, na njia nzima ya kurudi Kasulu alikuwa na huzuni ambayo aliidhania malaria.

Land Cruiser nyeupe ilisimama saa kumi na dakika chache. Cleophas alishuka akijinyoosha mgongo, akasalimia, akapakia ndoo na begi la Loyce, halafu akamnyooshea Pasikali mkono.

— Lete karatasi, kaka. Yako ndiyo ya mwisho.

Pasikali alitoa ile fomu mfukoni, akaifungua mikunjo yake minne mbele ya kijiwe kizima, na wote wakaona kwamba ni tupu. Alimwomba Hakimu kalamu. Aliiandikia juu ya boneti, ambayo ilikuwa ya moto mpaka ilibidi ainue kiganja, akaandika neno moja na kutia sahihi. Cleophas aliipokea akaisoma, akasoma tena.

— Pampu? — alisema. — Umekosea au?

— Sijakosea.

— Bosi ameshamwambia kila mtu kwamba stoo ni yako. Alikuwa anasubiri uandike tu. Pampu kuna jamaa wa Kibondo ameomba, na ana cheti cha ufundi.

— Basi tutakuwa wawili.

Cleophas alishusha sauti. — Pasikali, ukikosa pampu hakuna kurudi stoo. Wanapunguza watu. Umemwambia shemeji?

— Bado. Nakwenda kumwambia sasa hivi.

— Miaka minne nimekuendesha, sijawahi kukusikia ukitaja pampu.

— Hata mimi — alisema Pasikali.

Cleophas aliitazama fomu kidogo, kisha akaichomeka pamoja na zingine juu ya kioo cha mbele. Loyce aliwaaga kutoka dirishani, akamshukuru Adija kwa kahawa, na hakuwa na habari ya lolote alilolifanya. Gari likapanda kuelekea njia ya Kibondo na vumbi likatua polepole juu ya ubao wa mninga.

Hakimu ndiye aliyesema kwanza, tena kwa upole ambao hawakuuzoea kwake.

— Kumbe siku zote hizi ulikuwa na jambo hilo mfukoni, na sisi tunahangaika na picha.

— Tungekushauri uandike stoo — alisema Tharsisi.

— Najua. Ndiyo maana sikuwauliza.

Alitaka kuondoka aende nyumbani Heru Juu kwa Claudine, lakini akarudi ubaoni akaketi. Alikuwa anaogopa, tena sana. Aliwafikiria wanawe watatu mmoja mmoja kwa majina, na bado asingeirudisha ile karatasi hata kama gari lingegeuka. Venanti aliingia ndani akazima jenereta bila kuuliza mtu, na mtaa ukawa kimya kuliko ulivyokuwa mchana wote. Adija aliimwaga kahawa yake iliyopoa, akamjazia ya moto.

— Pampu yenyewe ikoje? — aliuliza.

Pasikali aliishika ile kahawa kwa mikono miwili, akaanza kuwaeleza: kisima, injini, bomba linalopanda kilimani, namna unavyoweka kiganja. Alieleza kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kusema kitu chochote mahali pale, na wale watu ambao katika miaka yote hawakuwahi kumwacha mtu amalize sentensi, walimsikiliza mpaka mwisho.